Kodi ya Furaha katika Jamhuri ya Takrima

Wasafiri wengi wakirudi nyumbani husimulia milima waliyopanda na mito waliyovuka. Mbeleje aliporudi kutoka Jamhuri ya Takrima alisimulia kaunta. Aliisimulia kwa kina, urefu wake, ubaridi wake, na lile tundu dogo kwenye kioo ambalo mtu husemea akiwa ameinama, maana Watakrima wanaamini kwamba aliyesimama wima hana unyenyekevu wa kutosha kukadiriwa. Alifikaje huko? Alifika. Anayetaka kujua njia akawaulize madereva wa malori. Sisi tuna habari ya chupa, na habari ya chupa ni ndefu.

Mbeleje alikuwa mtengeneza ngozi wa Mpwapwa, mwanamke wa makamo ambaye mikono yake ilikuwa imekolea rangi ya magome ya miti hata sabuni ikakata tamaa. Karakana aliirithi kwa baba yake. Ndani yake wanawake na vijana wa mtaa walikwangua ngozi za mbuzi na ng'ombe, wakaziloweka, wakazianika, na siku ya malipo wakanunua unga. Karibu ngozi zote zilinunuliwa na mtu mmoja tu, Mzee Kandili, mwenye kiwanda cha viatu huko Takrima.

Kwa miaka yote ya biashara yao Mzee Kandili hakuwahi kusifia kitu. Dereva wa lori akirudi, Mbeleje humfuata kabla hajazima injini na kumuuliza, "Mzee amesemaje?" Na dereva hujibu yale yale ya siku zote: "Amesema si mbaya sana." Basi. Ngozi ambayo Mbeleje aliisugua mpaka viganja vikachubuka, si mbaya sana. Alikuwa ameshazoea kuyameza maneno hayo kama mtu anayemeza kwinini, lakini mwaka huu yalimkwama kooni. Fununu zilikuwa zimemfikia kwamba kiwanda kikubwa cha ngozi bandia kilikuwa kinamzungukazunguka mzee, na mkataba wake yeye, ule wa miaka mingi alioachiwa na baba yake, ulikuwa ukingoni. Mzee akigeuka, karakana inafungwa, na wale wanawake wanarudi nyumbani na vikwanguo vyao.

Sasa, huko Takrima mkataba hauhuishwi kwa kalamu. Kila mwaka hufanyika Karamu ya Washirika, na muuzaji humletea mnunuzi wake kileo cha kwao, kilichotoka kwenye udongo wa kwao. Wawili hao wakinywa kutoka chupa moja, hata kama ni tone la kulowesha ulimi, mkataba umeloa na utaishi mwaka mwingine. Wasipokunywa, mkataba umekauka, na uliokauka hauloweshwi tena. Ni desturi nzuri, ya zamani kuliko serikali, na huenda ndiyo sababu serikali iliionea wivu. Mbeleje alichukua katoni ya mvinyo wa zabibu kutoka shamba la kaka yake, akaifunga kwa magunia isigongane, akaondoka. Alidhani kazi ngumu ilikuwa kuibeba.

Juu ya Lango la Takrima pameandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Wageni wengi husoma maneno hayo wakaona ni ukarimu. Ni mpango wa bajeti.

Aliyempokea kaunta ni Bwana Makisio, afisa wa forodha, kijana mpole mwenye tai iliyomkaba na sauti ya mtu aliyeleta habari za msiba.

"Karibu, mama. Umebeba nini?"

"Zawadi, mwanangu. Mvinyo wa zabibu. Nampelekea mteja wangu kwenye karamu ya kesho."

Bwana Makisio alifumba macho kama aliyechomwa sindano. "Mama, zawadi, mvinyo, mteja. Hayo ni maneno matatu ambayo sheria yetu imekataza kulala chumba kimoja. Subiri nimwite mkuu wangu."

Mkuu wake alikuwa Bi Kifungu, mwanamke mwembamba aliyeijua sheria yote kwa moyo, na kwa sababu moyo ulikuwa umejaa sheria, hapakubaki nafasi ya kitu kingine. Alivaa miwani, akaitazama katoni kwa muda, kisha akaitazama upande wa pili, maana haki lazima itazame pande zote mbili.

"Kama ni zawadi," alianza, "kwa nini unampa mteja? Zawadi mtu humpa mama yake mzazi."

"Na kama ni biashara," akadakia Makisio, "mbona haina bei?"

"Zawadi haina bei," Mbeleje akasema.

"Kila kitu kina bei, mama," Makisio alimjibu kwa huruma ya kweli. "Kisichokuwa nayo tunakipa sisi. Ndiyo kazi yangu."

Mbeleje hakuwa mtu wa kunyamazishwa upesi. Aliinama kwenye tundu na kusema, "Lakini wazee walisema kutoa ni moyo, si utajiri."

Uso wa Bi Kifungu ulilainika kidogo, kama wa mtu aliyesikia jina la kijiji chao. "Hicho ndicho kifungu cha kwanza cha sheria yetu ya zawadi. Zawadi inayotoka moyoni haitozwi chochote. Nguo, vitabu, asali, hata mbuzi, vyote hupita. Ila kileo kimetolewa. Bunge lilikaa juu ya jambo hilo muhula mzima. Likaona kwamba kileo hakikai moyoni, kinapanda kichwani. Na zawadi inayolenga kichwa cha mtu si zawadi, ni mkakati. Mkakati tunautoza."

"Ningeleta mbuzi basi."

"Ungeleta mbuzi, mkataba wako ungekauka. Ndiyo maana hatukumtoza mbuzi. Hatutozi vitu ambavyo watu wanaweza kuviacha."

Hapo ukadiriaji ukaanza, na Mbeleje, ambaye alikuwa ameishia darasa la saba lakini hajawahi kupunjwa sokoni, aliusikiliza kwa makini sana. Kwanza palikuwa na ushuru wa kuingia. Huo ulipigwa juu ya bei ya mvinyo, na bei ya mvinyo kwa hesabu ya Takrima ilikuwa bei ya mvinyo pamoja na nauli yake, pamoja na bima yake ya safari.

"Sikuikatia bima," Mbeleje alisema.

"Tunajua," alijibu Makisio akiandika. "Kwa hiyo tumekadiria bima ambayo ungeikata kama ungekuwa mtu mwangalifu."

Kisha ukaja ushuru wa kileo, ambao haukujali bei hata kidogo, ulijali ukali wake tu. Mvinyo wa maskini na mvinyo wa tajiri vikiwa na ukali mmoja vinalipa sawasawa, jambo ambalo Watakrima wanalitaja kila mara kama ushahidi kwamba nchi yao haina matabaka. Na baada ya hapo, juu ya vyote, kama kofia juu ya kilemba, ikaja kodi ya ongezeko la thamani.

"Thamani imeongezeka wapi tena?" Mbeleje aliuliza. "Katoni ni ile ile. Hata sijaifungua."

Bi Kifungu alivua miwani. Ilikuwa dhahiri kwamba hii ndiyo sehemu aliyoipenda. "Mvinyo umelipiwa ushuru wa kuingia. Umelipiwa ushuru wa kileo. Je, mvinyo uliolipiwa ushuru si ghali kuliko usiolipiwa?"

"Ni ghali."

"Basi thamani imeongezeka. Ongezeko tunalitoza."

"Yaani nalipa kodi kwa sababu nimelipa kodi."

"Umeelewa haraka, mama. Wafanyabiashara wengine tunawalaza hapa wiki nzima kabla hawajaelewa."

Mbeleje aliuliza kama mtu anaweza kukataa kulipa. Akaambiwa anaweza, Takrima ni nchi huru. Asipolipa mtoaji, madai yatamfuata mpokeaji. Afisa atagonga mlango wa Mzee Kandili, mkono mmoja ameshika chupa, mkono wa pili ameshika hati, na mzee hatapewa cha kwanza mpaka alipie cha pili. Mbeleje aliliona jambo hilo lote kichwani mwake: yule mzee asiyesifia kitu, amesimama mlangoni kwake, analipishwa asante. Hata punda akishukuru kwa mateke hamdai mtu bei ya kwato aliyompigia. Alifungua mkoba, akatoa fedha alizokuwa ametenga kununulia chokaa na chumvi ya msimu ujao, akazipitisha tunduni zote.

Bwana Makisio alizipokea kwa mikono miwili, kwa adabu. "Nashukuru sana, mama. Imebaki kodi moja tu, nayo huwezi kumlipia. Kodi ya furaha. Mpokeaji akifurahi, hulipa mwenyewe, pale pale mezani, kwa kadiri alivyofurahi."

"Mtajuaje kama amefurahi?"

"Tunapima," alisema Makisio, na kwa mara ya kwanza alionekana mwenye haya kidogo.

Lakini kabla ya furaha palikuwa na ukali, na ukali wa mvinyo ulipaswa kuthibitishwa. Mbeleje alionyesha kwamba umeandikwa kwenye lebo. Walimchukua na katoni yake mpaka ukumbi wa nyuma, mbele ya Jopo la Waonjaji, wazee wanane wenye majoho, wengi wao wastaafu walioliletea taifa heshima kwa namna ambazo hakuna aliyezikumbuka. Mwenyekiti wao aliisoma lebo, akatikisa kichwa.

"Binti yangu, karatasi hailewi. Itajuaje?"

Chupa ya kwanza ikafunguliwa. Mwonjaji wa kwanza akasema mvinyo ni mkali. Wa pili akasema ni mpole. Wa tatu aliomba akumbushwe swali, na akaomba akumbushwe kwa bilauri. Walipopiga kura, kura zikawa nusu kwa nusu, na kanuni ya jopo ikasema kura zikifungana hufunguliwa chupa nyingine. Mbeleje aligundua baada ya muda kwamba jopo lilikuwa na wajumbe wanane kwa makusudi. Mwenyekiti, kwa upande wake, alitangaza kabla ya kila funda kwamba yeye binafsi hanywi, daktari amemkataza, hapa anakunywa kwa niaba ya taifa tu. Taifa lilikuwa na kiu. Haba na haba hujaza kibaba, wazee walisema, ila hawakusema kibaba cha nani.

Mbeleje alisimama pembeni akihesabu vizibo kwa macho. Katoni haikuwa tena mvinyo. Ilikuwa karakana yake, na wale wazee walikuwa wanaimaliza, funda kwa funda, huku wakimpongeza kaka yake kwa kilimo bora.

Wakati huo huo akapita mtu mwingine ukumbini, amevaa suti inayong'aa, nyuma yake mpagazi amebeba sanduku la mbao zilizonakshiwa. Huyu alikuwa Bwana Fahari, wakala wa kile kiwanda cha ngozi bandia, naye pia alikuwa anakwenda kwa Mzee Kandili. Ndani ya sanduku zilikuwamo chupa za wiski ya gharama hata jina lake halitamkwi haraka. Waonjaji wote wanane wakasimama kwa heshima. Hakuna aliyegusa kizibo.

"Za huyu hamzionji?" Mbeleje aliuliza.

"Hizo ni chupa zenye hadhi," mwenyekiti alimweleza, akijishika kwenye meza kwa sababu zilizokuwa wazi. "Chupa ikizidi bei fulani, kuionja ni kumtilia shaka mwenye nayo. Nasi hatumtilii shaka mtu wa namna hiyo. Tungeanzia wapi?"

Bwana Fahari alimtazama Mbeleje, akatazama chupa tupu zilizolala mezani, akatabasamu kwa upole wa mtu ambaye kazi yake imefanywa na wengine. Kisha akaenda zake.

Hapo Mbeleje aliacha adabu zake Mpwapwa. Aliruka, akamnyang'anya mwonjaji wa saba chupa ya mwisho ikiwa njiani kuelekea mdomoni. Chini kabisa, alipoiinamisha, palibaki funda moja, labda na nusu. Aliikumbatia kifuani.

"Hili ni la mkataba wangu," alisema. "Mkilitaka hili, mniue kwanza, mnitoze na ushuru wa mazishi."

Waonjaji walinong'onezana. Mwenyekiti alionekana ameumia. "Chukua, binti. Sisi si wezi."

Aliporudi kaunta aliuliza kama atarudishiwa ushuru wa chupa zilizonywewa. Bi Kifungu alishangaa kwa dhati. "Mali iliingia nchini ikiwa imejaa, mama. Yaliyoipata baada ya kuingia ni maisha yake binafsi." Bwana Makisio alimsindikiza mpaka nje, akatazama kulia na kushoto, akamnong'oneza kwamba wapo wanaoongeza maji chupani, chupa ikaonekana imejaa. Tena kuna faida, alisema, mpokeaji hafurahi na kodi inapungua. Mbeleje alimwambia, "Mwanangu, nimetengeneza ngozi miaka yote hii sijawahi kuipaka rangi kuficha tundu. Siwezi kuanzia kwenye mvinyo wa kaka yangu." Makisio aliinamisha kichwa, akalegeza tai yake kidogo, akarudi kukadiria.

Mtu akiingia kwenye Karamu ya Washirika bila kuambiwa anaweza kudhani amekosea mlango ameingia matangani. Meza zimepambwa, nyama imechomwa, muziki unapigwa, na wenyeji wote wamenuna. Mwuza mbao mmoja aliletewa pipa la bia na rafiki wa miaka mingi, akaliangalia kama mtu anavyoangalia gharama za hospitali, akasema, "Pole kwa usumbufu." Mama mmoja mwenye duka la vitambaa alipewa chupa ya mvinyo wa mawese, akageukia ukuta. Wageni wasiojua walikaa na aibu zao. Katikati ya meza alitembea Bwana Kipimo, Mkaguzi wa Furaha, na utepe wa fundi cherehani shingoni. Akiona midomo ya mtu inacheza kidogo, anafika, anapima kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine, analinganisha na upana wake wa kawaida, anaandika. Watoto wa Takrima hufundishwa kununa kabla ya kufundishwa kusoma, na wazazi hujivunia mtoto aliyepewa andazi akaguna.

Mbeleje aliyaona haya na hayakumpa faraja. Kama wote wamenuna, utamjuaje aliyekuchoka kweli?

Mzee Kandili alikaa meza ya pembeni, mrefu, mkavu, na mbele yake karatasi mbili za mkataba, moja ya Mbeleje na moja ya Bwana Fahari. Fahari alitangulia. Aliliweka sanduku mezani, akalifungua, akasema hotuba fupi yenye neno "ushirika" mara nyingi. Mzee Kandili aliitazama wiski ile kwa uso uliokunjamana.

"Imefika," alisema. Kisha akageuka. "Na wewe binti?"

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Usiku kucha Mbeleje alikuwa amepanga maneno mazuri. Yote yalimkimbia. Aliiweka ile chupa mezani, tupu mpaka karibu na chini, na lile funda lake moja likacheza kidogo likatulia.

"Mzee wangu, nilikuletea katoni nzima. Nimeilipia kodi ya kuingia, kodi ya kulewesha, na kodi ya kulipa kodi. Nimelipia na bima ya ajali ambayo haikutokea. Kisha serikali yako ikainywa. Hiki ndicho walichoshindwa kukimaliza, na hiki nimewanyang'anya."

Mzee Kandili aliitazama chupa. Alimtazama Mbeleje, na mikono yake ya rangi ya magome iliyokuwa bado imekunjwa ngumi. Kisha akainua macho kwenye meza kuu, ambako waonjaji wanane walikuwa wamekaa na majoho yao, macho mekundu, na mwenyekiti wao alikuwa analieleza bakuli la pilau kwamba yeye binafsi hanywi. Mdomo wa mzee ukatikisika. Akauuma. Ukatikisika tena. Kikatoka kicheko, na hakikuwa kicheko cha mtu wa kawaida, kilikuwa cha mtu aliyekiweka ndani tangu ujana wake. Kilimtoa machozi, kikamkunja, kikazima muziki. Bwana Kipimo alifika mbio. Alitandaza utepe kutoka sikio hadi sikio na utepe ukaisha.

"Mzee," alisema kwa hofu, "unajua unalipa?"

"Andika," alisema Mzee Kandili akijifuta macho. "Andika yote. Usinipunguzie hata inchi moja."

Walikunywa, mzee tone lake na Mbeleje lake, na mkataba ukaloa. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshatozwa na kilichooza hakiozi mara mbili, mzee akaona aseme yaliyobaki.

"Dereva huwa anakufikishia salamu zangu?"

"Kila safari, mzee. Si mbaya sana."

"Huyo hupita langoni, na maneno ya furaha yakipita langoni yanatozwa, yanayoingia na yanayotoka. 'Si mbaya sana' ndiyo mpaka wa sheria, binti. Neno moja mbele ya hapo ningelipa. Nimewahi kununua kwa watu wengi. Wote huwa nawaambia imefika, basi. Wewe peke yako ndiye ninayekupelekea yale."

Mbeleje alilia. Alikumbuka kila lori lililorudi, kila jioni aliyokaa mlangoni mwa karakana akijiuliza amekosea wapi, na akalia waziwazi mbele za watu. Machozi hayakuwa kwenye jedwali la kodi, kwa hiyo Bwana Kipimo alimwacha.

Kicheko kile kilimgharimu Mzee Kandili gari lake, lililochukuliwa pale nje kabla hajakimaliza vizuri. Alirudi nyumbani kwa miguu, amevaa viatu vya ngozi ya Mpwapwa, na waliomwona wanasema alikuwa anaangalia viatu vyake njia nzima. Wiski yenye hadhi ilirudi ilikotoka, nayo ikatozwa ushuru wa kutoka.

Hadithi ingeishia hapo kama Takrima isingekuwa na Wizara ya Mapato. Wakuu wa wizara walipoona kicheko kimoja cha mzee mmoja kimelipa mishahara ya jopo zima, walishikwa na huzuni kwa miaka yote waliyoiacha nchi inune bure. Bunge likaitwa kwa dharura. Sheria ya Kicheko ikapita bila upinzani, maana waliotaka kupinga walikuwa tayari wanafanya mazoezi ya kucheka. Kuanzia hapo kila mpokeaji wa zawadi alipaswa kucheka, kwa upana usiopungua kiasi kilichowekwa, na anayenuna alitozwa faini mara mbili ya kodi kwa kosa la kuficha mapato.

Mwaka uliofuata Mbeleje alirudi. Safari hii alikuwa ameelimika. Alibeba katoni nne, tatu za jopo na moja ya kazi, akakata na bima kama mtu mwangalifu. Bwana Makisio alimpigia makofi.

Ukumbi wa karamu ulisikika tangu barabarani. Wote walikuwa wanacheka. Mwuza mbao alicheka huku anatazama saa. Mama wa vitambaa alicheka kwa vipindi, akipumzika katikati kunywa maji. Waliocheka macho yao yalikuwa makavu kama ngozi iliyosahaulika juani, na Bwana Kipimo, aliyeongezewa wasaidizi na utepe mrefu zaidi, alipita akiwakumbusha wazee wainue mashavu. Mbeleje alipita katikati ya kelele zile, akafika meza ya pembeni, akaweka chupa mbele ya Mzee Kandili. Safari hii ilikuwa imejaa.

Vichwa viligeuka. Wote walikumbuka kicheko cha mwaka jana, na Kipimo alikuwa ameshautandaza utepe wote.

Mzee Kandili aliishika chupa. Akaigeuza polepole kwenye mwanga. Kisha akakunja uso, paji na mashavu na midomo, akanuna kama ambavyo hajawahi kununa mtu katika nchi ile ya wanunaji, akamtazama Mbeleje machoni.

"Si mbaya sana," alisema.

"Faini, mzee," alisema Kipimo kwa masikitiko, akiandika.

"Andika."

Mbeleje aliinama upesi chini ya meza kama mtu anayefunga kamba za kiatu, akakaa huko muda mrefu ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, maana furaha ya mgeni nayo ilikuwa imeshaanza kujadiliwa bungeni.